Uzi: Mahali penye baridi kali kuliko kote ulimwenguni, na kwa nini umbali kutoka Jua haulijibu swali hili

Mtazamanyota wa Kasarani (mwanzilishi wa uzi):

Ndugu wanajukwaa, kila mwaka Julai inapoingia hapa Nairobi, mawingu yakatanda tangu alfajiri hadi jioni na kila mtu akatoka nyumbani na sweta, husikika maelezo yaleyale ndani ya matatu na hata madarasani: kwamba tunahisi baridi kwa sababu Dunia imesogea mbali na Jua. Ni kweli kwamba mapema Julai Dunia huwa umbali wa takriban kilomita milioni 152 kutoka Jua, ilhali mapema Januari huwa kilomita milioni 147. Lakini Julai hiyohiyo wakazi wa Cairo na Madrid huwa wanatafuta kivuli. Baridi yetu huletwa na mawingu mazito yanayozuia miale kuufikia mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wala haina uhusiano na hizo kilomita milioni 5.

Nimefungua uzi huu kwa sababu mazoea hayohayo ya kupima baridi kwa umbali ndiyo yanayotupotosha tunapoulizana ni wapi penye baridi kali kuliko kote. Wengi hujibu mara moja kwamba ni Pluto, au ni mwisho wa mfumo wa Jua, au ni katikati ya galaksi na galaksi, mahali ambapo hakuna nyota yoyote iliyo karibu. Majibu hayo yote hayatoshi.

Kila kitu kina hesabu tatu za joto: linaloingia kutoka nje, linalozalishwa ndani yake chenyewe, na linalotoka. Umbali kutoka kwenye nyota hugusa hesabu ya kwanza peke yake, na hizo mbili zilizobaki zinaweza kuupindua mpangilio wote. Joto lenyewe ni mwendo wa atomu na molekuli. Mwendo ukipungua kitu hupoa, na katika nyuzi 273.15 chini ya sifuri za Selsiasi hakuna tena joto la kuondoa. Hapo ndipo ilipo sifuri ya kipimo cha Kelvini, na hakuna mahali wala kifaa kilichowahi kuifikia. Nitatumia kelvini panapohitajika, kwa kuwa kwenye baridi ya namna hii kushuka kutoka kelvini 2 hadi 1 ni kupoteza nusu ya joto lote lililobaki, hata kama kwa Selsiasi inaonekana ni hatua ndogo.

Hapa Duniani rekodi iliyopimwa kwa kipimajoto cha hewa ni nyuzi 89.2 chini ya sifuri, katika kituo cha Vostok huko Antaktika, tarehe 21 Julai 1983. Setilaiti zimeonyesha kwamba uso wa theluji kwenye mabonde madogo ya uwanda wa mashariki wa bara hilo hushuka hadi karibu nyuzi 98 chini ya sifuri. Jambo la kuzingatia ni lini hali hiyo hutokea: ni usiku mrefu wa kipupwe, anga ikiwa tupu na hewa ikiwa kavu kabisa, joto la ardhi likipanda moja kwa moja kwenda angani bila wingu la kulirudisha. Wakulima wa viazi wa Kinangop wanaujua mwenendo huo vizuri, kwa kuwa umande ulioganda huwaunguzia mimea usiku wa Januari ambao hauna wingu hata moja, wala si usiku wa mawingu wa Julai.

Sasa tutazame Mwezi. Uko kilomita 384,000 hivi kutoka hapa tulipo, nao hupokea mwanga wa Jua kwa nguvu ileile inayoufikia uso wa angahewa yetu, na mchana kwenye ikweta yake joto hufika nyuzi 120. Hata hivyo mhimili wa Mwezi umeinama kwa nyuzi 1.5 tu. Maana yake ni kwamba kwenye ncha zake Jua halipandi kamwe, bali huzunguka pembezoni mwa upeo, na mashimo marefu yaliyoko huko hayajaingiwa na mwanga wake kwa muda unaohesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Hakuna hewa ya kubeba joto kutoka kwenye mwamba ulioangaziwa hadi kwenye kivuli, na vumbi la Mwezi hupitisha joto kwa shida sana. Mwaka 2009 chombo cha Lunar Reconnaissance Orbiter kilipima kelvini 26 ndani ya kreta ya Hermite karibu na ncha ya kaskazini, yaani takriban nyuzi 247 chini ya sifuri. Hiyo ni baridi kali kuliko wastani wa uso wa Pluto, nayo iko kwenye jirani yetu wa karibu kuliko wote.

Uranusi na Neptuni nazo zinaonyesha hesabu ya pili. Neptuni iko mbali zaidi kiasi kwamba hupata chini ya nusu ya mwanga unaoifikia Uranusi, na bado angahewa ya Uranusi ndiyo inayoshikilia rekodi ya baridi miongoni mwa sayari, kelvini 49 hivi. Sababu ni kwamba Neptuni hutoa joto zaidi ya mara mbili ya lile inalopokea kutoka Jua, joto ambalo limebaki ndani yake tangu ilipoumbwa, ilhali Uranusi hutoa kiasi kinachokaribiana na kile inachopokea. Hadi leo wataalamu wanajadiliana ni kitu gani kiliipotezea Uranusi joto lake la ndani, na baadhi yao wanalihusisha na mgongano mkubwa wa zamani ambao huenda ndio ulioilaza sayari hiyo ubavu.

Naomba tuchangie kwa hoja na vipimo. Wangapi mnajua mahali pa asili penye baridi kuliko kreta ya Hermite?

Fundi Nitrojeni, Kabete:

Ahsante sana kwa uzi huu. Mimi kazini nashughulika na mitungi ya nitrojeni ya kimiminika, ile ambayo ndani yake huhifadhiwa mbegu za fahali kwa ajili ya kupandisha ng'ombe. Nadhani ndiyo baridi kali zaidi ambayo mfugaji wa kawaida wa Kenya huweza kuiona kwa macho yake, kwa sababu nitrojeni huchemka ikiwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukifungua kifuniko, mvuke mweupe humwagika na kushuka ubavuni mwa mtungi hadi miguuni, na tone likianguka kwenye sakafu ya saruji halilowanishi, bali hukimbia huku na huku likiwa limebebwa na mvuke wake lenyewe mpaka liishe. Sakafu ya nyuzi 20 kwa tone hilo ni moto mkali.

Nimeeleza haya ili msomaji apate kipimo cha kulinganishia. Nitrojeni huganda kuwa kitu kigumu ikifika nyuzi 210 chini ya sifuri. Kwa hiyo mtungi wangu ukiwekwa ndani ya hiyo kreta ya Hermite, baada ya muda utakuwa na jiwe jeupe ndani yake. Na huko Pluto jambo hilo si la kudhaniwa: chombo cha New Horizons kilipopita Julai 2015 kilipiga picha za uwanda mpana uitwao Sputnik Planitia, ambao umejaa barafu ya nitrojeni inayojikunja na kutiririka polepole. Ni gesi hiihii ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta hapa.

Mtazamanyota wa Kasarani:

Fundi, mchango wako umenifurahisha sana. Niongeze Tritoni, mwezi mkubwa wa Neptuni, ambao Voyager 2 iliupitia Agosti 1989 na kupima kelvini 38 hivi. Barafu yake ya nitrojeni ni nyeupe mno kiasi cha kurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga hafifu unaoifikia, na hivyo inajinyima hata kile kidogo inachopewa. Licha ya hayo, Voyager iliona mabomba ya gesi na vumbi yakiruka kilomita 8 kwenda juu. Nitrojeni inapashwa joto kidogo tu na Jua, inageuka gesi chini ya barafu, kisha inapasua njia.

Msomaji wa Donholm:

Nina swali kwa wataalamu. Nimesoma mara nyingi kwamba mtu akitolewa nje ya chombo cha angani bila vazi ataganda papo hapo kwa sababu anga ina baridi ya nyuzi 270 chini ya sifuri. Wakati huohuo nasoma kwamba anga ni ombwe, yaani hakuna kitu. Kama hakuna kitu, basi baridi hiyo ni ya nini?

Mtazamanyota wa Kasarani:

Swali lako ndilo kiini cha uzi wote, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa urefu.

Kwanza, mtu hataganda papo hapo. Chupa ya chai uliyo nayo jikoni huiweka chai ikiwa moto kwa sababu kati ya kuta zake mbili hewa imeondolewa. Joto halina kitu cha kulibeba. Mwili uliomo angani umezungukwa na ombwe la namna hiyohiyo, na njia kubwa inayobaki ya kupoteza joto ni kulitoa kama miale isiyoonekana, jambo linalochukua saa nyingi. Kinachoua ni ukosefu wa oksijeni na shinikizo. Mwaka 1966 fundi mmoja aliyekuwa akijaribu vazi katika chumba cha ombwe cha NASA huko Houston alipatwa na hitilafu ya bomba. Alipoteza fahamu baada ya sekunde 14 hivi, akaokolewa, na baadaye akasimulia kwamba jambo la mwisho alilohisi ni mate yakichemka juu ya ulimi wake. Hakugandishwa.

Pili, anga si tupu kabisa. Hata pale pasipo na atomu za kutosha kuzungumziwa, kuna mnururisho, yaani miale, uliojaa kila upande. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara za Bell huko New Jersey, walipata mvumo ndani ya antena yao ambao haukubadilika wakiielekeza juu, pembeni, mchana wala usiku. Walikagua nyaya, wakawafukuza njiwa waliojenga kiota ndani ya antena na kusafisha kinyesi chao, na mvumo ukabaki palepale. Ulikuwa ni mwanga wa kale uliotoka ulimwengu ulipokuwa na umri wa takriban miaka 380,000, ukiwa wa moto wa kelvini 3,000 hivi. Tangu hapo ulimwengu umetanuka zaidi ya mara 1,000, na mawimbi ya mwanga huo yakavutwa kwa kiasi hichohicho, hata yakawa mawimbi ya maikrowevu yenye halijoto ya kelvini 2.725. Setilaiti ya COBE, iliyorushwa mwaka 1989, ndiyo iliyokipima kiwango hicho kwa uhakika mkubwa.

Kwa hiyo, ndugu wa Donholm, zile nyuzi 270 chini ya sifuri ni halijoto ya mnururisho huo. Ukiacha jiwe peke yake katikati ya galaksi na galaksi, mbali na kila nyota, litapoa polepole hadi lifikie takriban kelvini 2.7, kisha lisimame hapo, kwa sababu kuanzia hapo litakuwa linapokea sawa na linavyotoa. Hata mawingu meusi ya vumbi yanayozalisha nyota, kama Barnard 68, hayashuki hata karibu na kiwango hicho. Ndani yake huwa ni kelvini 10 hivi. Hii ndiyo sababu nilisema umbali hautoshi. Huwezi kukimbia mbali kiasi cha kuuacha mnururisho huo nyuma, kwani uko kila mahali.

Mwalimu wa Fizikia, Buruburu:

Maelezo safi kabisa. Basi inafuata kwamba ili kitu kiwe baridi kuliko kelvini 2.7 lazima kuwe na kazi inayofanyika ya kuondoa joto kwa haraka kuliko mnururisho unavyolirudisha. Wanafunzi wangu huwaza mara moja jokofu, na hawajakosea. Lakini je, kuna jokofu la asili?

Mtazamanyota wa Kasarani:

Lipo, na linalojulikana vizuri ni moja tu: Nebula ya Bumerangi, wingu la gesi na vumbi lililo takriban miaka ya nuru 5,000 kutoka hapa, katika kundinyota la Kantarusi. Jina hilo ilipewa mwaka 1980 na Keith Taylor na Mike Scarrott, walioitazama kwa darubini kubwa ya Australia na kuona umbo lililopinda kidogo. Picha za baadaye za Hubble zilionyesha kwamba kwa kweli ina mabawa mawili yanayotazamana.

Katikati yake kuna nyota inayokufa, ya aina ambayo Jua letu litakuwa mwishoni mwa maisha yake, na nyota hiyo imetapika gesi yake kwa kasi ya takriban kilomita 164 kwa sekunde. Gesi inayotanuka ghafla hupoa, kwa sababu molekuli zake hutumia joto lake kwa kusukumana kwenda nje. Ndiyo kanuni inayofanya kazi ndani ya friji. Nyota nyingi zinazokufa hutoa upepo wa gesi, lakini huu ni mwingi na wa haraka kupita kiasi cha kawaida, na gesi yenyewe ni nzito hata mwanga wa nje unashindwa kupenya na kuipasha moto. Matokeo yake ni halijoto ya takriban kelvini 1, yaani nyuzi 272 chini ya sifuri.

Namna walivyoligundua jambo hili ndiyo inayonivutia kuliko yote. Mwaka 1995 Raghvendra Sahai na Lars-Åke Nyman walitumia darubini ya mawimbi ya redio yenye kipenyo cha mita 15 huko Chile kutafuta molekuli za kaboni monoksaidi katika nebula hiyo. Kwa kawaida wingu la gesi huonekana likiwa linang'aa kuliko anga iliyo nyuma yake, hata kama ni kwa kiasi kidogo. Hapa waliona kinyume chake: gesi ilikuwa inameza mnururisho wa kale unaotoka nyuma yake na kuacha doa lenye giza. Kitu hakiwezi kuonekana hivyo mbele ya mnururisho wa kelvini 2.7 isipokuwa chenyewe kina baridi kuliko hizo kelvini 2.7. Hawakuhitaji kufika huko na kipimajoto.

Kwa wanaopenda kutazama anga, sehemu hiyo inaonekana kutoka Nairobi. Mwezi wa Mei, saa tatu usiku hivi, geuka upande wa kusini uutafute Msalaba wa Kusini. Nebula iko juu kidogo ya nyota ya juu ya msalaba huo, ndani ya mpaka wa Kantarusi. Macho matupu hayataiona, lakini utakuwa umeielekea.

Mwalimu wa Fizikia, Buruburu:

Nashukuru. Hata hivyo nataka kuleta hoja ya kupinga kidogo, nayo ni kwamba tunaposema ulimwenguni tusiisahau Dunia, kwa sababu baridi kali kuliko zote tunazozijua imetengenezwa hapa na mikono ya watu. Mwaka 1908 Heike Kamerlingh Onnes huko Leiden aliigeuza gesi ya heliamu kuwa kimiminika kwa kelvini 4.2 hivi, na miaka mitatu baadaye akagundua kwamba zebaki iliyopozwa namna hiyo hupitisha umeme bila upinzani wowote. Leo hii sumaku za LHC, mtambo wa kugonganisha chembe ndogo za atomu, kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, zilizopangwa ndani ya handaki la kilomita 27, huendeshwa kwa kelvini 1.9, yaani chini ya baridi ya anga za mbali.

Na huo si mwisho. Mwaka 2014 wanasayansi wa maabara ya Gran Sasso, iliyo chini ya mlima nchini Italia, walipoza shaba ya uzito wa kilo 400 hivi hadi sehemu 6 za elfu za kelvini. Kwa atomu chache, hali ni ya ajabu zaidi. Miale ya leza hupigwa kutoka pande zote ili kuzipunguzia atomu mwendo, halafu zile zenye joto zaidi huachwa zitoroke na kubaki zile baridi. Kwa njia hiyo Eric Cornell na Carl Wieman, mwaka 1995 huko Colorado, walishusha atomu za rubidi hadi chini ya sehemu 200 za bilioni ya kelvini, na atomu hizo zikaanza kutenda kama kitu kimoja. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani waliangusha chombo chenye atomu kama hizo ndani ya mnara wa Bremen wenye urefu wa zaidi ya mita 100, wakafikia sehemu 38 za trilioni ya kelvini kwa sekunde chache. Mimi ningesema rekodi ni ya Bremen.

Mtazamanyota wa Kasarani:

Mwalimu, vipimo vyako ni sahihi na rekodi hiyo siipingi. Ninachoomba ni tutenganishe mahali na kifaa. Atomu za Bremen zilikuwa chache mno, zikadumu kwa sekunde, na baridi yao ililindwa na mitambo iliyozizunguka pande zote. Bumerangi ni eneo lenye upana unaopita mfumo wetu wa Jua, na limekuwa katika hali hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000 bila mtu kuligusa. Anayeuliza ni wapi penye baridi kali kuliko kote, mimi nitamjibu kwa mahali.

Fundi Nitrojeni, Kabete:

Swali langu la mwisho: hiyo nebula itabaki hivyo hadi lini? Mtungi wangu usipoongezwa nitrojeni huisha baridi baada ya wiki kadhaa hata kama haujafunguliwa.

Mtazamanyota wa Kasarani:

Haitabaki hivyo. Darubini za ALMA kule Chile ziliitazama upya, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba gesi ya pembezoni imeshaanza kupata joto. Mwanga unapogonga chembe za vumbi hung'oa elektroni, na elektroni hizo huipasha moto gesi iliyo jirani. Uchunguzi uliofuata, mwaka 2017, ulielekeza kwenye chanzo cha mlipuko wenyewe: inaonekana nyota ndogo iliyokuwa ikizunguka nyota hiyo kubwa ilitumbukia ndani yake na kuifukuza gesi kwa kasi ambayo nyota moja peke yake isingeweza kuileta. Hilo linaeleza kwa nini hatujapata nyingine nyingi za namna hii. Gesi ikishatawanyika vya kutosha, mwanga wa nyota utaipenya yote, na baridi hiyo itakwisha katika muda ambao ni mfupi mno kwa umri wa nyota.

Mnururisho wa kale nao unaendelea kupoa kadiri ulimwengu unavyotanuka, ingawa kwa mwendo wa pole mno. Itachukua mabilioni ya miaka kabla haujafika kelvini 1 iliyo nayo Bumerangi leo.